Televisheni Juu ya Dirisha la Mama Mkwe

Nyumba yetu ya Kilibula ina usukani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo pekee katika habari hii linalonichekesha mpaka leo.

Ni gari la kulala. Lililetwa na wazee wawili wa Ulaya, mtu na mkewe, waliokuwa wakizunguka Ziwa Tanganyika kwa starehe zao mpaka giaboksi ilipowafia karibu na mji wetu. Walikaa wiki kadhaa kwenye uwanja wa kanisa wakingoja kipuri ambacho hakikufika, kisha wakavuka mpaka na kupanda ndege, gari likabaki. Mimi ni fundi wa redio na televisheni, nina kibanda changu mtaa wa Songo. Watu wa kanisa, walioachiwa gari hilo, waliniita kutazama nyaya zake. Nilipoingia ndani nikaona kitanda, meza ya kukunja, jiko dogo la gesi na makabati yanayofunguka kwa kubonyezwa, nikalitamani kama mtoto. Nililibadilisha kwa pikipiki yangu. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Umetoa kitu iko inatembea, umeleta kitu imekufa," aliniambia.

Miezi michache baadaye ziwa lilipanda. Nyumba yetu ya ufukweni iliingiwa na maji hadi madirishani, na hakuna aliyecheka tena. Tulilivuta gari kwa lori hadi kwenye kiwanja kilichoinuka, tukalipandisha juu ya matofali. Majirani waliliita basi. Asubuhi utamsikia mtu anapita njiani akiuliza kwa sauti, "Basi inatoka saa ngapi kwenda Bukavu?" nami hujibu kwamba dereva bado anakunywa chai.

Kisha mama mkwe akaja kukaa nasi. Alikuwa mkulima wa Mutarule, kwenye uwanda wa Ruzizi, mjane, na magoti yake yalikuwa yamemwisha. Uwanda ulikuwa umechafuka. Watu wenye bunduki walikuwa wakipita mashambani, na mtu asiyeweza kukimbia hakuwa na la kufanya pale. Mke wangu alimfuata, akamleta na blanketi lake na sufuria moja nyeusi aliyokataa kuiacha. Nilifurahi kwa moyo wote. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu mbele sitaonekana mtu mwema.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na mama akiwa chumbani mwake mkwe haingii. Si chuki. Ndiyo heshima yenyewe, na wanaoivunja husemwa mtaa mzima. Mama akitaka neno kwangu humwambia binti yake, nami hujibu kwa binti yake. Tukikutana uani kila mmoja hutazama chini, tunasalimia ardhi, tunapishana. Kwa hiyo tulipomleta gari likawa lake. Mimi na mke wangu tulijenga chumba cha mabati ubavuni, tukalala humo. Mwenye gari nikawa mtu wa nje, na sikuona ubaya wowote. Niliingia Jumapili tu, saa ambazo mama yuko kanisani, kutengeneza bomba au kubadilisha taa.

Televisheni ya wale wazee ilikuwa sanduku dogo, upana wa sinia ya chai, limefungwa kwenye mkono wa chuma karibu na mlango. Redio ilikuwa ya kaseti, na spika zake zilikoroma. Kila nilipoingia niliona aibu. Fundi mzima, watu wanatoka hadi Kalundu kuniletea televisheni zao, na nyumbani kwangu kuna kitu kama kile! Nilianza kumwambia mke wangu kwamba mama anachoka kukaa peke yake mchana kutwa wakati sisi tuko kazini, yeye sokoni na mimi Songo. Nilisema mama anahitaji picha kubwa na kwaya zenye sauti safi. Nililisema mara nyingi mpaka nikaliamini.

Ukweli ni kwamba nilitaka mpira. Nilitaka Jumamosi na Jumapili alasiri kukaa uani na wenzangu, mlango wa gari ukiwa wazi, tutazame mechi kwenye skrini kubwa na mtaa wote usikie. Na nilitaka waseme, huyu jamaa ametoa basi bovu akatengeneza sinema.

Nilianza na umeme. Nikapandisha paneli mbili za jua juu ya paa, nikaweka betri ya pili chini ya kitanda, na mashine ya kubadilisha umeme wa betri uwe wa nyumba. Jumapili iliyofuata nikashika skrini yenyewe, inchi arobaini na tatu. Aliileta rafiki yangu mwenye duka la vyombo vya umeme, Mwislamu wa mjini ambaye babu zake walifika hapa na biashara ya ziwa zamani sana. Aliibeba mwenyewe kwa sababu hakuamini mikono ya mtu mwingine. Akasimama mlangoni anatazama ukuta.

"Unaweka wapi?"

"Pale."

"Pale iko dirisha."

"Mu hii gari dirisha ziko tano."

"Lakini ile ndiyo iko karibu na kiti ya mama."

"Weye uzisha televizyo," nikamwambia, maana kazi yake ni kuuza. "Fundi ni minye."

Akacheka, akanishikia skrini wakati natoboa.

Sababu za kifundi nilikuwa nazo, na bado ninaweza kuzisema bila kupumua. Kuta nyingine zina makabati. Upande wa kitanda ukuta umepinda. Lile dirisha lilikuwa na fremu ya alumini imara, inashika skrubu vizuri, na linaelekeana na mlango, kwa hiyo mtu aliyekaa uani anaona picha nzima. Nilitoboa matundu manne. Spika mbili nikazigeuzia mlangoni. Sanduku la besi halikupata pa kukaa ila chini ya kiti kirefu cha dirishani, nikalisukuma humo na kulifunga kwa mikanda lisitembee. Nilipowasha, vikombe vya kabatini vililia. Rafiki yangu alipiga makofi.

Mama alirudi kutoka kanisani kwa pikipiki ya abiria. Nilikuwa nimekwisha toka, nimekaa mbali kidogo, nimewasha kwaya. Mke wangu alimshika mkono, akampandisha ngazi moja, nyingine, akaingia naye. Walikaa humo kitambo. Mke wangu aliposhuka uso wake haukuwa na kitu.

"Mama anasema aksanti."

"Amefurahi?"

"Anasema mukwe wake ni fundi."

Nilivimba. Wiki ile nilitembea Songo nzima nikisimulia. Jumamosi wenzangu walikuja na viti vya plastiki, tukajaza ua. Mama alikuwa ndani, kwenye kiti chake, kwa sababu kumshusha na kumpandisha kulikuwa kazi ya watu wawili, na mimi sikuweza kuwa mmoja wao. Tulimwona ubavu tu, kitambaa cha kichwa na bega. Bao likiingia tulipiga kelele, na mmoja wetu akasema, "Hata mama anafuata mupira!" Tukacheka sote. Mimi nilicheka zaidi.

Wiki ya tatu mke wangu aliniambia kwamba mdogo wa mama kule Mutarule amepiga simu kwa hasira. Mihogo yake yote aliyoianika imelowa mvua na kuota ukungu. Nikasema pole. Nikauliza hasira hiyo inamhusu nani, maana sisi hatuleti mvua.

"Anauliza kwa nini mama hakumwambia," mke wangu akasema, akiwa amenipa mgongo, anaosha vyombo. "Mama amejibu macho yake imechoka."

Mimi nilisikia neno macho tu. Sikuuliza macho yanahusiana vipi na mihogo ya mtu aliye mbali vile. Nilipanda pikipiki ya abiria nikaenda kwenye duka la dawa, nikaeleza, nikapewa kichupa cha dawa ya macho. Nikampa mke wangu ampelekee, matone mawili asubuhi, mawili jioni. Halafu, kwa kuwa akili yangu ilikuwa inafanya kazi sana siku ile, nikamwambia aongeze mwanga wa skrini hadi mwisho, ili mama aone bila kujikaza. Nikasema, "Unaona? Ingekuwa ile ndogo asingeona kitu."

Mke wangu alinitazama. Nilidhani ananistaajabia.

Mama alitia dawa ile. Alitia kama nilivyoagiza, asubuhi na jioni, mpaka kichupa kikaisha, kisha akatuma shukrani.

Baadaye kidogo alisema anataka kwenda kuona mahindi yake, siku mbili tu. Tukamkatalia. Habari za uwanda hazikuwa nzuri wiki ile, na kila aliyetoka huko alikuwa anatoka kwa kukimbia. Akasema tena. Akasema kwa upole, na kila mara alianza kwa kunisifu, kwamba mkwe wake amemtunza, hana la kusema, ni mahindi tu yanamwita. Mwisho mke wangu akampakia kwenye gari la abiria la Sange, njia ya kwao. Nilisimama upande wa pili wa barabara, kama inavyopasa, nikainua mkono. Nikaona kwamba amebeba blanketi. Na ile sufuria.

Siku mbili zikapita, zikawa saba.

Jumapili ile kulikuwa na mechi, na jua lilikuwa kali uani. Kwa kuwa mama hakuwepo, sikuzuiwa na kitu. Nilipanda nikakaa ndani, na mahali palipokuwa wazi ni pale pale, kwenye kiti kirefu. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa hapo tangu alipokuja.

Skrini ilikuwa mbele ya uso wangu kiasi cha mkono na kiganja. Sikuona mchezaji hata mmoja. Niliona rangi ya kijani inayochemka na mwanga uliochoma macho, na nilipogeuza shingo kukwepa, mtangazaji akapayuka na kiti kikanitetemekea hadi kwenye meno. Nikajaribu kuvumilia kipindi cha kwanza. Sikuweza. Nilizima. Skrini ikawa nyeusi, na ndani yake nikamwona mwanamume wa makamo mwenye tumbo, mdomo wazi.

Nikamwita mke wangu. Nilimwita vibaya, kwa ukali, kana kwamba kosa ni lake.

"Mama alikuwa anaona nini hapa?"

Alisimama mlangoni, anapangusa mikono.

"Hapa? Hakuna kitu alikuwa anaona."

"Kabla. Mbele ya televizyo."

Ndipo akaniambia. Kutoka kwenye dirisha lile unaona kichwa cha ziwa, na nyuma yake uwanda wote mpaka unapofifia. Mama alikuwa anaketi hapo tangu alfajiri, anatazama mawingu. Mvua ikishuka milimani au ikivuka maji kuelekea kwao, yeye aliiona kabla ya watu walioko chini yake. Akiiona alichukua simu akampigia mdogo wake. Leo pandeni. Leo msipige dawa. Anueni mihogo, inakuja. Nyumba tatu au nne za pale kijijini zilikuwa zikimsikiliza. Walikuwa wamemzoea, hawatazami tena juu, wanatazama simu. Ndivyo alivyokuwa akilima bila magoti, akiwa Kilibula, ndani ya gari langu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, 'Mukwe wangu ametumika jasho, utamwambia nini? Utamwambia minye nakataa kazi yake?'"

"Na weye? Weye ni bibi yangu!"

"Minye ni mutoto yake," akasema, akashuka.

Nilikasirika siku nzima. Nilimkasirikia mke wangu, nikamkasirikia mama, nikakasirikia desturi inayomfanya mtu akae kwenye mateso bila kufungua kinywa. Hasira ilinisaidia. Ukiwa na hasira unaweza kula na kulala vizuri.

Watu wakiniuliza siku hizi mama yuko wapi, nawaeleza habari hii, na nikifika hapa husema kwamba sikujua. Ningejuaje? Sikuruhusiwa kuingia akiwemo, sikuwahi kukaa alipokaa, hakuna aliyenifungulia mdomo. Wote huitikia kwa kichwa. Ni maelezo mazuri na yana kila kitu isipokuwa ukweli.

Nilijua. Si yote, mawingu sikuyajua. Lakini Jumapili ile ya kutoboa, kabla rafiki yangu hajafika, nilipangusa fremu ya dirisha ili nipime. Kwenye kizingiti chake palikuwa na kitenge kimekunjwa mara nne, na katikati ya kitenge kulikuwa na mashimo mawili, ya viwiko. Kioo kilikuwa na vumbi kote isipokuwa duara moja, usawa wa uso wa mtu aliyeketi, limesuguliwa mpaka linang'aa. Kazi yangu ni kusoma vitu vya namna hiyo. Mtu akiniletea redio, naangalia kitufe kilichofutika rangi najua kituo anachosikiliza. Nilivisoma viwiko vile na duara lile kama barua. Nikajiambia, mama anapenda kukaa hapa. Kisha nikachukua kitenge nikakiweka kitandani, na nikashika mashine ya kutoboa. Haikuchukua hata dakika moja.

Niling'oa skrini kesho yake baada ya ile mechi. Niling'oa besi, spika, mikanda, vyote, nikavirudisha Songo. Matundu manne nikayaziba, kioo nikakiosha. Mke wangu akapiga simu kumwambia mama kwamba mahali pake ni peupe. Mama akasema vizuri, lakini sasa ni palizi. Baada ya palizi akasema ni mavuno. Tulisikia risasi zimepigwa sehemu fulani ya uwanda, simu yake haikupatikana siku nne, na katika siku hizo nne sikutengeneza redio ya mtu yeyote. Ilipopatikana alisema hawakukimbia, magoti yalikataa, walilala chini tu ndani ya nyumba mpaka kelele zikapita.

Nikaamua kwenda mwenyewe. Mkwe haendi hivi hivi, kwa hiyo mke wangu alipiga simu mbele. Nilivaa shati la kanisani, nikabeba sukari na sabuni, nikashuka Mutarule kabla ya saa sita mchana.

Nyumba yake ni ya chumba kimoja, udongo na mabati. Aliponiona kwa mbali alifanya kama inavyopasa. Alijivuta kwa fimbo akatoka, akazunguka nyuma ya ukuta ili mimi niingie. Mdogo wake akanikaribisha, akaniketisha kwenye kiti pekee. Kuku alikuwa amekwisha chinjwa, kwa sababu mkwe akija lazima achinjiwe. Nilimsikia mama akikaa chini upande wa pili wa ukuta, polepole, akiguna. Kati yetu kulikuwa na udongo wa unene wa kiganja.

Nilimwambia mdogo wake, "Mwambie mama nimekuja kumuchukua. Mwambie ile televizyo nimetosha, dirisha iko wazi. Mwambie minye nilikosa."

Mdogo wake akageuzia uso mlangoni, akarudia neno kwa neno, kwa sauti, kana kwamba mama yuko ng'ambo ya mto. Kisha sauti ya mama ikaja, na mdogo wake akairudia ingawa nilikuwa nimeisikia vizuri.

"Anasema mukwe wake hakukosa kitu. Ni macho yake ndiyo ilikuwa imeisha. Anasema ile dawa ulimupa ilimusaidia sana."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nilitaka kusema macho yako ni mazima, mama, nimeona kila kitu, nilikiona kitenge chako na nikakiondoa. Lakini kusema hivyo kungekuwa kumwita mwongo mbele ya mdogo wake, ndani ya nyumba yake. Angekubali samahani yangu, angekuwa amekiri kwamba mkwe wake alimtesa, na jambo hilo hataliachia litoke kinywani mwake mpaka afe. Alinifungia mlango kwa heshima ile ile niliyoegemea mimi nilipokuwa natoboa. Nikasema tu, "Mwambie arudi nyumbani."

"Anasema atarudi. Mihogo ikikauka."

Tukajua sote watatu kwamba harudi.

Kuku akaletwa, mzima, kwenye bakuli lenye kifuniko, na ugali mweupe. Mdogo wake alininawisha mikono, akatoka, akafunga mlango nusu. Jua lilikuwa limesimama juu ya bati, na nyuma ya ukuta hapakuwa na mti wala kivuli. Hawezi kuingia nikiwa ndani, na mimi siwezi kuondoka bila kula. Niliona nikila haraka nitaonekana sijaheshimu chakula, na nikila polepole ninamwunguza. Nilitafuna. Nilimsikia akisogea upande mmoja, akipumzisha goti, akisogea tena. Sikubakiza hata paja, kwa kuwa kubakiza kungemsumbua. Nilipomaliza niligonga bakuli kuonyesha kwamba nimeshiba, na nikamsikia anaanza kutafuta fimbo yake ainuke.